Lori baada ya saa za kazi: Nafuu ya mkulima, hasara ya nani?

KILA msimu wa machungwa unapofika wilayani Muheza, biashara ya usafiri huwa na sura mbili. Mchana malori yana kazi zinazojulikana. Yapo yanayopakia saruji Pongwe, yanayotoa mizigo Bandari ya Tanga, yanayobeba mkonge kutoka mashambani na yanayopeleka bidhaa za maduka Korogwe na Handeni. Jua likizama, baadhi ya malori hayo hayo huonekana kwenye njia za vumbi za vijijini, yakipakia machungwa, nazi, mahindi, mbao au vyombo vya mtu anayehama nyumba.

Mwenye gari hana habari, au anayo na amenyamaza. Dereva amemaliza kazi ya tajiri na sasa anafanya ya kwake. Mkulima naye amepata usafiri kwa bei ambayo mchana asingeipata. Kwa usiku ule mmoja, kila mtu anaonekana amepata.

Tatizo hujitokeza pale tairi linapopasuka, gari linapozuiwa barabarani au mzigo unapofika pungufu. Hapo ndipo linapoulizwa swali ambalo halikuulizwa wakati wa kupakia: usiku ule lori lilikuwa katika kazi ya nani?

Matumizi ya aina tatu

Matumizi ya lori nje ya saa za kazi si jambo moja. Kuyaweka yote katika kapu moja na kuyaita wizi, kama wafanyavyo baadhi ya wamiliki, hakusaidii. Kuyaita yote kuwa ni kujitafutia riziki, kama wasemavyo baadhi ya madereva, nako hakusaidii.

Aina ya kwanza ni dereva kulitumia gari kwa mahitaji yake ya kawaida. Ameshusha mzigo mjini saa mbili usiku, analiendesha hadi anakokula, kisha hadi anakolala. Lori haliwezi kuachwa popote, na dereva hawezi kulala popote.

Aina ya pili ni ya kijamii. Katika ukanda wa pwani, mtu mwenye gari, au anayeendesha gari la mtu, huombwa msaada pale panapotokea msiba, harusi au maulidi. Viti na maturubai yabebwe, maji yaletwe, na mara nyingine waombolezaji wenyewe wapande nyuma. Dereva anayekataa huhesabiwa kuwa ametupa ujirani.

Aina ya tatu ni biashara. Dereva anatafuta mzigo wake, anapatana bei na mkulima au dalali, anasafirisha na fedha anabaki nazo yeye na utingo wake. Hii ndiyo inayowagusa zaidi wakulima na wafanyabiashara wadogo, kwa kuwa mzigo ulioko juu ya lori ni wao.

Kwa nini mkulima hulikimbilia lori la usiku

Chungwa likishachumwa halina subira. Mahindi yanaweza kuwekwa ghalani hadi bei ipande, lakini chungwa lililokaa kwenye lundo chini ya mti hupoteza uzito na sura kila siku inayopita. Mboga za Lushoto zina haraka kubwa zaidi. Kabichi na nyanya zinazoteremka kwa barabara ya Soni hadi Mombo zinatakiwa ziwe sokoni alfajiri, kwa sababu wanunuzi wa jumla hununua mapema, na anayefika saa nne asubuhi huuza kwa bei ya kubembeleza.

Kwa hiyo safari ya usiku ina mantiki yake. Mavuno hukusanywa mchana, hupakiwa jioni, husafirishwa wakati wa ubaridi na hufika soko likifunguliwa. Kutoka Tanga mjini hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 350, na kwenda Horohoro, kwenye mpaka wa Kenya, ni karibu kilomita 65 za lami. Lori linaloondoka Muheza jioni linaweza kufika soko lolote kati ya hayo kabla ya jua kuchomoza.

Lakini mkulima wa magunia 20 au 30 hawezi kukodi lori zima kwa bei ya mchana. Anasubiri dalali akusanye mizigo ya watu kadhaa, au anauza shambani kwa bei atakayopewa. Dereva anayepita jioni na kusema atabeba kwa zaidi kidogo ya nusu ya bei humpa mkulima huyo njia ya tatu. Ndiyo maana katazo tupu halijawahi kuimaliza biashara hii.

Nafuu ya kweli na nafuu ya kukopa

Bei ya chini ya dereva hutoka wapi? Hapa kuna safari mbili ambazo kwa mkulima zinafanana, lakini kiuchumi zinatofautiana kabisa.

Safari ya kwanza ni mzigo wa kurudia. Chukua mfano wa Fuso lililopeleka bidhaa za duka katika kijiji kilicho kilomita 50 kutoka Tanga mjini. Likishashusha ni lazima lirudi, liwe na mzigo au liwe tupu. Kama linatumia lita moja ya dizeli kwa kilomita 4, lita 12 na nusu zitaungua kwa vyovyote vile, na aliyelipia safari ya kwenda kwa kawaida ameshalipia na hiyo ya kurudi. Machungwa yakipakiwa, uzito utaongeza pengine lita tatu.

Safari ya pili ni mpya. Fuso hilo hilo limelala Tanga. Saa moja jioni linawashwa, linakwenda kijijini likiwa tupu na kurudi na machungwa. Hizo ni kilomita 100, yaani lita 25, pamoja na zile tatu za uzito. Juu yake kuna tairi sita zilizozunguka, oili iliyochakaa na breki zilizotumika.

Kwa mfano, lita ikiwa Sh3,000, mzigo wa kurudia unaongeza gharama ya Sh9,000 tu. Safari mpya inagharimu Sh84,000 za mafuta peke yake. Ikiwa usafiri wa mchana ni Sh200,000 na dereva anatoza Sh120,000, katika mzigo wa kurudia bado kuna Sh111,000 za kugawana bila mtu kuumia. Katika safari mpya zinabaki Sh36,000, na hapo utingo na wapakiaji hawajalipwa, wala tairi halijahesabiwa. Tarakimu hizi ni za mfano, si bei za soko, lakini uwiano wake ndio unaotawala biashara yenyewe.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba nafuu ya mzigo wa kurudia ni ya kweli, kwani inatokana na nafasi ambayo ingepotea bure. Nafuu ya safari mpya ni ya kukopa. Dereva hawezi kuitoza kwa bei hiyo na kupata faida ya maana isipokuwa mafuta yawe yamenyonywa kwenye tangi la tajiri, na uchakavu uachwe kwenye daftari la tajiri. Mkulima anadhani amepunguziwa bei, kumbe sehemu ya bei imelipwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Mtu huyo akigundua, hufunga milango yote miwili. Huweka kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari, hudai gari lilale uani kwake na kukataza mzigo wowote usio wake. Mzigo wa kurudia, ambao ungewafaa wote, unakufa pamoja na ule wa magendo. Lori linarudi tupu, na machungwa yanabaki chini ya mti.

Sheria inasema nini

Wamiliki wengi huamini kwamba gari likipata ajali katika shughuli binafsi za dereva, wao hawahusiki. Ukweli ni mgumu zaidi.

Sheria ya madai ya Tanzania imejengwa kwa sehemu juu ya kanuni za mahakama za Uingereza zilizokuwapo hadi Julai 22, 1920, tarehe ambayo sheria hizo zilipokelewa Tanganyika. Miongoni mwake ni ile iliyoelezwa katika kesi ya mwaka 1834 jijini London, ambako mpita njia aligongwa na mkokoteni wa farasi uliokuwa ukiendeshwa na mtumishi. Jaji Parke aliweka mpaka ambao wanasheria wanaufuata hadi leo: mtumishi akipinda njia kidogo huku akiwa bado katika shughuli za bwana wake, bwana anawajibika. Akienda katika matembezi yake mwenyewe, bila kuwa kabisa katika kazi ya bwana wake, anajibeba mwenyewe.

Kwa mmiliki wa lori kanuni hiyo inasikika kama kinga. Hata hivyo, mwaka 1969 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ambayo wakati huo ilihudumia pia Tanzania, ilisema kwamba gari likisababisha madhara kwa uzembe, na pasipo ushahidi wa kupinga, huchukuliwa kwamba liliendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake. Kwa lugha nyepesi, anayetakiwa kuonyesha kwamba dereva alikuwa katika mambo yake ni mwenye gari.

Ataonyesha kwa nini, kama hakuna maandishi? Mmiliki aliyejua kwa miaka miwili kwamba gari linabeba machungwa usiku, akanyamaza kwa sababu dereva hasumbui kudai nyongeza ya mshahara, atapata taabu kuishawishi mahakama kwamba hakuruhusu. Na ikiwa alikuwa akipokea chochote kutokana na tripu hizo, safari ile ilikuwa yake pia.

Bima haimtazami mwenye machungwa

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari barabarani kuwa na bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo. Lengo lake ni kumlinda mtu mwingine anayeumia au kufa kutokana na ajali. Mzigo ulioko juu ya lori haumo. Hata bima kubwa, inayofidia gari lenyewe, kwa kawaida haifidii mali ya mteja. Mzigo unahitaji bima yake.

Kwa hiyo Fuso likipinduka kwenye kona na machungwa ya wakulima watano yakamwagika, stika ya bima ya gari hilo haina la kuwaambia. Wanabaki na njia ya kumdai dereva, ambaye hana mali, au mmiliki, ambaye atasema hawajui. Hawana risiti, hawana hati ya mzigo, na pengine hata jina kamili la dereva hawalijui.

Upande wa mmiliki nako si salama. Mikataba ya bima huandika matumizi ya gari na nani aruhusiwe kuliendesha. Usiku, dereva akichoka, usukani hupewa utingo asiye na leseni ya daraja linalotakiwa. Katika hali hiyo kampuni ya bima inaweza kukataa kulitengeneza gari, na ikilazimika kumlipa aliyeumia, inaweza kurudi kumdai mwenye gari.

Kwa wanaovuka mpaka wa Horohoro kwenda soko la Kongowea, Mombasa, kuna jambo jingine. Bima ya ndani haivuki mpaka. Gari linahitaji kadi ya njano ya COMESA, utaratibu ambao Tanzania inaushiriki ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Dereva aliyeondoka jioni bila mwenye gari kujua hana namna halali ya kuikatia gari hilo kadi hiyo.

Na kwa wale wanaopandishwa nyuma ya lori kwenda msibani, hatari ni kubwa kuliko zote. Leseni ya usafirishaji wa mizigo inayotolewa na LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, si leseni ya kubeba abiria. Nia njema haibadilishi gari la mizigo kuwa basi.

Mizani, ushuru na usingizi

Lori la usiku lina vishawishi vitatu. Cha kwanza ni kuzidisha uzito ili tripu moja ilipe. Tangu Machi 1, 2019 Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo hairuhusu lori la ekseli mbili kuzidi tani 18, uzito wa gari ukiwemo. Likikamatwa kwenye mizani, mzigo husubiri, na mzigo unaosubiri hapa ni matunda.

Cha pili ni kukwepa ushuru wa mazao. Mabadiliko ya mwaka 2017 yalishusha ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, na kusamehe mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkulima mdogo asiyejua msamaha huo hujikuta akipita njia za panya kukwepa ushuru ambao pengine hadaiwi, na kuchukua hatari isiyo na sababu.

Cha tatu, na kibaya zaidi, ni kuuza usingizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Dereva anayeshika usukani wa tajiri kutwa nzima na wake mwenyewe hadi alfajiri, asubuhi anarudi kazini akiwa hajalala. Tajiri anadhani anaanza siku na dereva aliyepumzika.

Februari 2023, eneo la Magira Gereza wilayani Korogwe, Fuso na basi dogo aina ya Coaster lililokuwa likisafirisha mwili wa marehemu yaligongana usiku, na watu wasiopungua 17 walipoteza maisha. Wakazi wa njia kuu ya Segera hadi Korogwe hawahitaji kuelezwa kosa moja la usiku barabarani linagharimu nini.

Wenzetu wameandika

Nchini Marekani suala hili lina kanuni yake. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa magari ya biashara, FMCSA, ilitoa mwongozo kuhusu dereva aliye nje ya kazi kulitumia lori kwa mambo yake. Unamruhusu kuliendesha kwenda kula, kwenda anakolala au kwenda nyumbani kutoka kituo cha kazi, hata likiwa na mzigo. Haumruhusu kutumia muda huo kuusogeza mzigo au kulikaribia eneo la kupakia kesho. Mwajiri naye yuko huru kuweka masharti makali zaidi.

Mazingira ni tofauti na ya Muheza, lakini somo ni lile lile. Mwongozo huo haukuanza kwa kukataza. Ulitenganisha mahitaji ya dereva na kazi ya biashara, ukaiweka tofauti hiyo katika maandishi.

Kifanyike nini

Kwa mmiliki, hatua ya kwanza ni karatasi moja iliyosainiwa na pande mbili. Ieleze gari lilale wapi, dereva aruhusiwe kulitumia umbali gani kwa chakula na malazi, na nani asishike usukani kwa hali yoyote. Ieleze pia kwamba dereva akipata mzigo wa kurudia atoe taarifa kwa simu kabla ya kupakia, na apate sehemu inayojulikana ya nauli hiyo. Dereva anayelipwa theluthi au nusu ya mzigo wa kurudia kwa uwazi ana sababu ndogo ya kuwasha gari usiku kwa siri. Mmiliki naye hupata fedha pale ambapo awali alipata uchakavu tu. Safari mpya ya usiku iwe na bei yake kamili, au isiwepo.

Kwa misiba na harusi, mmiliki mwenye busara huamua mapema kwamba gari litasaidia kubeba viti, vyakula na maturubai kwa taarifa, lakini halitabeba watu. Dereva akishakuwa na kauli hiyo mkononi, hatakuwa yeye anayewanyima jirani zake.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, hatua ni chache na hazina gharama kubwa. Aombe namba ya simu ya mwenye gari na ampigie kabla ya kupakia. Ahakiki stika ya bima kupitia mfumo wa TIRA. Aandike namba ya gari, jina la dereva kama lilivyo kwenye leseni, idadi ya magunia au matenga, bei na soko linalokusudiwa, kisha wote wawili wasaini. Asilipe nauli yote kabla mzigo haujafika. Dereva anayekataa karatasi hiyo ameshajibu swali la nani anaijua safari yake.

Njia yenye nguvu zaidi ni ya pamoja. Wakulima kumi wa kijiji kimoja wenye magunia 20 kila mmoja wana magunia 200. Huo si mzigo wa kuomba nafasi jioni, ni mzigo wa kupatana bei mchana. Kikundi au chama cha ushirika kinaweza kukubaliana na wamiliki wanaopeleka bidhaa vijijini kila wiki kwamba siku fulani lori halirudi tupu. Bei haitafika ya Fuso la mchana, kwa sababu safari ya kurudi imeshalipiwa. Na bima ya mzigo, ambayo kwa magunia 20 huonekana anasa, ikigawanywa kwa wakulima kumi huwa gharama ya kawaida ya biashara.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Katika barabara za Tanga si kila rahisi inavunja. Iliyopo ndani ya lori linalorudi tupu ni mali halali inayosubiri kuokotwa, na wakulima wana haki ya kuitaka. Inayovunja ni ile ambayo haina jina la mwenye gari, haina karatasi na haina usingizi. Mkulima anaweza kuzitambua mbili hizo kwa simu moja kabla gunia la kwanza halijapandishwa.